Kaunta ya Jikoni: Kutoka Mafigani Hadi Lile Jiwe Jeupe la Mastaa

Leo ubuyu wetu unatoka jikoni.

Kuna staa mmoja wa kike hapa mjini, jina kapuni, kaposti video ya jiko lake jipya. Jiko lenyewe ni kubwa kuliko geto langu lote. Katikati kuna kaunta nyeupe pee, ina mistari ya kijivu kama radi, na yeye kakaa juu yake anakula tikiti. Komenti zikawaka. Wa kwanza kasema hiyo marumaru ya Italia. Wa pili kasema acha ushamba, hiyo granaiti. Wa tatu, nahisi ni fundi, akasema wote hamjui, hiyo ni kwatsi ya kiwandani. Wakatukanana mpaka usiku.

Sikucheka sana, maana kwetu ugomvi huohuo upo, tofauti ni kwamba hauna kamera. Bi mkubwa anamalizia nyumba yake huko pembezoni mwa mji. Miaka saba anaijenga kwa hela za vikoba, tofali kwa tofali, na sasa limebaki jiko. Dada yangu anataka kama la staa. Fundi anataka amwage slabu ya zege, abandike tailsi, alipwe aondoke. Bi mkubwa mwenyewe kanyamaza. Mimi ndo nikaambiwa, "Wewe si unashinda mtandaoni, hebu angalia ipi inafaa."

Nikaangalia. Nilienda kutafuta bei, nikarudi na historia, na ndani yake kuna kitu kimoja kimeninyima usingizi. Nitakifikia.

Kwanza tukubaliane jambo. Kaunta ya jikoni sio kitu cha asili yetu, na wala hatukupungukiwa kwa kukosa. Bibi zetu walipika wamekaa. Mafiga matatu chini, kigoda pembeni, mkeka, kinu na mchi, ungo wa kupetea. Ukienda nyumba za zamani za pwani, jiko mara nyingi liko uani, na kazi nyingi zinafanyika karibu na ardhi. Kibao cha mbuzi ndo ushahidi mkubwa: ni kiti na kifaa kwa wakati mmoja. Huwezi kukunia nazi umesimama kwenye mbuzi, unaukalia. Kwa hiyo mtu anayekwambia jiko bila kaunta sio jiko, mwambie atulie kidogo.

Halafu hata Wazungu hawakuwa na hii kaunta tunayoiona leo. Kwa karne nyingi jikoni kwao kulikuwa na meza katikati, kabati peke yake huko, sinki peke yake kule. Ila ukirudi nyuma zaidi kuna jamaa waliowahi: Warumi. Pale Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua migahawa ya barabarani. Mbele kuna kaunta ya kujengea, ndani yake yamezamishwa mitungi mikubwa ya vyakula. Yaani mama lishe wa Kirumi kabisa. Mmoja wa migahawa hiyo ulionyeshwa kwa dunia mwaka 2020, na ndani ya mitungi walikuta mabaki ya bata, mbuzi, nguruwe, samaki na konokono.

Kilichonifurahisha mimi ni juu ya kaunta zenyewe. Nyingi zimefunikwa na vipande vya marumaru vya rangi na maumbo tofauti. Havilingani! Ni vile vipande vilivyobaki au kuvunjika kwenye kazi za matajiri, muuza chakula akavikusanya akabandika kwake. Miaka karibu elfu mbili iliyopita mtu wa kawaida alikuwa anatengeneza kaunta kwa mabaki ya mjengo wa tajiri. Hii kitu ikumbuke.

Sasa turukie Marekani, 1869. Kuna dada wawili, Catharine Beecher na Harriet Beecher Stowe, huyo wa pili ndo yule aliyeandika riwaya ya kupinga utumwa ikatikisa nchi. Mwaka huo walitoa kitabu cha mambo ya nyumbani, na ndani yake Catharine alichora jiko lenye sehemu ya kazi iliyoshikana, unga na vyombo viko karibu, sinki papo hapo. Wazo alilichukua kwenye jiko la meli. Alisema mpishi wa meli anapikia mamia ya watu kwenye kachumba kadogo bila kuzunguka, sasa kwa nini mwanamke nyumbani atembee kilomita kwa chakula cha mchana?

Watu wakalisoma, wakalifunga. Ikapita zaidi ya nusu karne.

Halafu akaja Margarete Schütte-Lihotzky. Huyu mama ningemjua sekondari ningesoma historia kwa raha. Alizaliwa Vienna 1897, akasomea uchoraji wa majengo wakati ambao wanawake kwenye hiyo fani ni wa kuhesabu. Mwaka 1926 alikuwa Frankfurt, Ujerumani. Vita ya kwanza imeisha, watu hawana nyumba, jiji linajenga nyumba za wafanyakazi kwa haraka. Akapewa kazi ya jiko. Akachukua saa, akapima kila kazi inachukua muda gani na hatua ngapi, akaangalia na vijiko vya kwenye mabehewa ya chakula ya treni. Akatoka na jiko la mita 1.9 kwa 3.4. Dogo hilo, lakini kila kitu mkono unafika. Yalijengwa kama 10,000.

Cheki alivyochagua vitu. Droo za unga alitumia mbao ya mwaloni kwa sababu inafukuza wadudu wa unga. Juu ya kaunta akaweka mbao ya aina nyingine, ile wanaita beech, kwa sababu inavumilia kisu, madoa na asidi. Kwenye kaunta kuna tundu unasukumia maganda yanaangukia kwenye droo chini. Kabati akapaka bluu kwa sababu iliaminika nzi hawaipendi. Na akaweka kiti mbele ya kaunta! Mpishi akae. Huyu mama alikuwa hachagui kwa sababu jirani anacho. Kila kitu kina sababu yake. Na baadaye mwenyewe alikiri kuwa wakati anachora hilo jiko alikuwa hajawahi kuendesha nyumba wala kupika. Wanazi walimfunga 1941 kwa kuwapinga, akatoka jela vita ilipoisha 1945, akaishi mpaka Januari 2000, siku chache tu kabla ya kutimiza miaka 103.

Sasa shika kiti. Bosi wake pale Frankfurt, mtu aliyesimamia mradi mzima wa zile nyumba, alikuwa anaitwa Ernst May. Hitler alipochukua nchi, May hakuweza kurudi Ujerumani maana alikuwa na asili ya Kiyahudi. Unajua alikimbilia wapi? Tanganyika. Mwaka 1934 alikuja akawa mkulima karibu na Arusha. Baadaye akarudi kwenye uchoraji wa majengo, akakaa Nairobi, akachora mpango wa kuupanua mji wa Kampala, akachora hoteli ya Oceanic Mombasa na jengo la ushirika wa kahawa wa Wachaga pale Moshi. Alirudi kwao miaka ya 50. Yaani mtu aliyelisimamia jiko la kwanza la kisasa duniani amekanyaga vumbi la Arusha, na mimi nimemaliza kidato cha nne bila kulisikia jina lake. Sio poa.

Kuna mwingine, Lillian Gilbreth wa Marekani, mama wa watoto 12, mtaalamu wa kupima kazi za viwandani. Mumewe alifariki 1924, viwanda vikasita kumpa kazi mwanamke, akahamishia ujuzi wake jikoni. Yeye alisisitiza kuwa urefu wa kaunta ufuate mwili wa mpishi. Lakini viwanda havipendi kupima mtu mmoja mmoja, vinataka namba moja. Namba iliyoshinda ni inchi 36, kama sentimita 91, na ndo hiyo mafundi wanaitumia mpaka huku kwetu bila kuuliza nani atasimama pale. Kama bi mkubwa wako ni mfupi na kila akitwanga vitunguu saumu mabega yanapanda masikioni, sasa unajua tatizo liko wapi.

Tuje kwenye vitu vyenyewe vya juu.

Fomaika ilianza kwenye umeme, wala haikulenga jikoni. Mwaka 1912 Daniel O'Conor na mwenzake Herbert Faber walikuwa wahandisi kwenye kampuni ya Westinghouse. Zamani waya zilikingwa kwa madini yanaitwa maika. Jamaa wakagundua ukibana tabaka za kitambaa au karatasi zilizoloweshwa gundi maalumu, zikipata joto zinakuwa ngumu na hazipitishi umeme. Mbadala wa maika, kwa Kiingereza "for mica", ndo jina likazaliwa hapo. 1913 wakafungua kampuni yao Cincinnati. Miaka ya 20 wakaanza kuweka karatasi ya maua juu, mwaka 1938 wakaleta gundi ya melamini inayokubali rangi nyepesi, na baada ya vita ya pili kila jiko la Marekani likawa na fomaika. Ilikuwa rahisi kufuta na bei ilikuwa ya watu. Kwetu ilifika kwenye meza za ofisi, migahawa na makabati ya wazazi wetu. Ubaya wake unaujua: sufuria ya moto ikikaa tu, alama ya duara milele. Na maji yakiingia pembeni, ule ubao wa unga wa mbao chini unavimba kama andazi.

Corian nitaipita haraka maana kwetu ni adimu. Kampuni ya DuPont, Donald Slocum, 1967. Ni plastiki iliyochanganywa na unga wa madini. Ikikwaruzika unapiga msasa. Basi.

Marumaru sasa. Kwetu hili neno lina fujo, maana mtaani kila kigae kinachong'aa kinaitwa marumaru. Marumaru ya kweli ni jiwe, mwili wake ni wa jamii moja na chokaa. Ndo maana nawahurumia wanaoitaka kwa jiko la Kiswahili. Chokaa na asidi ni maadui. Ndimu, siki, ukwaju, hata nyanya iliyokatwa ikikaa inakula ule mng'ao inaacha doa la weupe uliokufa, na hulitoi kwa sabuni. Weka na bizari juu yake halafu niambie. Jiwe la kifalme, ndio, lakini mfalme hakuwa anapika pilau. Ukitaka kujua umeuziwa ya kweli, omba kipande chakavu, dondoshea ndimu. Kikifubaa, ni yenyewe.

Granaiti ni ndugu wa yale mawe ya Mwanza. Ile Bismarck Rock inayopigwa picha ziwani ni granaiti. Ni ngumu, kisu cha kawaida hakiichori, sufuria ya moto haiisumbui, ndimu haiifanyi kitu. Zamani ilikuwa ya makaburi, mabenki na sanamu kwa sababu kuikata ilikuwa kazi ya kufa mtu. Teknolojia ya misumeno ya almasi ilipokua na mawe ya Brazil, India na China yakaanza kuzunguka dunia kwa bei ya chini, kuanzia miaka ya 80 na 90 ikaingia majikoni, na huko Marekani ikawa ndo alama ya mtu aliyefanikiwa. Unyonge wake ni vitundu vidogo vinavyonyonya mafuta, kwa hiyo inataka kupakwa dawa ya kuziba mara kwa mara.

Halafu sasa ndo lile jeupe la staa wetu.

Kwatsi, madukani wanaiandika quartz, sio jiwe lililochimbwa likakatwa. Inatengenezwa. Mwaka 1963 Muitaliano mmoja, Marcello Toncelli, alianzisha kampuni ya Breton, ambayo ndo ilileta mitambo ya kusaga mawe, kuchanganya na gundi, kunyonya hewa yote na kushindilia mpaka itoke slabu. Sehemu kama 90 kwa 100 ni chembe za madini ya kwatsi, inayobaki ni gundi na rangi. Miaka ya 80 na 90 viwanda vikafunguliwa Israeli, Hispania na kwingine. Ni kitu kizuri, nisiseme uongo. Hainyonyi mafuta, haili ndimu, unachagua mistari unayotaka. Kitu kinachoisumbua ni moto, maana ile gundi ikikutana na sufuria iliyotoka jikoni inabadilika rangi.

Lakini kaunta haifiki nyumbani imeshakatwa. Lazima mtu aikate, atoboe tundu la sinki, asage kingo. Na vumbi linalotoka hapo ni silika, laini kiasi kwamba jicho halioni chembe zake. Ukilivuta linafika chini kabisa ya mapafu, linakaa, mapafu yanajaa makovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi. Hauna dawa. Wachimba migodi wameufahamu miaka mingi, na unafungua mlango kwa kifua kikuu. Marumaru ina silika kidogo sana. Granaiti inayo, lakini kawaida chini ya nusu. Kwatsi, nimeshakwambia, ni kama 90.

Mwaka 2012 madaktari wa Israeli walitoa ripoti ya wagonjwa 25 wenye silikosisi waliofikishwa kwenye kitengo cha kupandikiza mapafu. Wote walikuwa wakata kaunta. Baadaye zikaja habari kama hizo Hispania, Australia, California. Wengi wanaume wa umri wa kufanya kazi, wengine wa miaka ya thelathini tu, na California wengi ni wahamiaji. Kawaida silikosisi ni ugonjwa wa kumkuta mtu uzeeni baada ya miaka mingi mgodini. Hawa uliwakuta mapema. Australia ikaona isiwe tabu: kuanzia tarehe 1 Julai 2024 ikapiga marufuku kutengeneza, kuuza na kufunga kaunta za hiyo kwatsi. Nchi ya kwanza duniani.

Hapo ndo usingizi uliponiruka. Kwa sababu nina jamaa yangu, tumecheza naye mpira wa makaratasi, ana miaka 24, kazi yake ni hiyo. Anakata mawe kwenye karakana moja hapa mjini, na hiyo karakana nayo jina kapuni. Nimeshawahi kumpitia jioni nikamcheka kwa sababu alikuwa mweupe mpaka kope, nikampiga picha nikaiweka status na emoji za mzimu. Kinga yake ni fulana ya zamani kafunga puani. Anakata kavu, bila maji, kwa sababu bosi hataki tope sakafuni, linachelewesha kazi.

Sisemi anaumwa. Sijui, na mimi sio daktari. Ninachojua anakohoa asubuhi, na anasema "vumbi tu, ukioga linaisha." Nilimtumia hizo habari za Australia. Akaona, tiki mbili za bluu, hakujibu siku nzima. Usiku akapiga. Akauliza, "Oya, hivi barakoa zile za kweli zinauzwa wapi?" Sio za Korona za kitambaa, ni zile ngumu zinazobana uso. Kanunua mbili. Kliniki ya kifua bado namsukuma aende, anasema akipata siku. Mdau kama una mtu kwenye hii kazi, mambo ni mawili: maji kwenye msumeno muda wote, na barakoa ya maana. Maji yanalikamata vumbi kabla halijapaa. Tope linafagiliwa.

Na mteja una sauti hapo kuliko unavyodhani. Kabla hujalipa muulize muuzaji, mnakata wapi, na mnakata kwa maji? Akikushangaa, umepata jibu.

Basi nikarudi nyumbani na ripoti yangu. Nikamwelezea bi mkubwa yote, Pompeii, yule mama wa Vienna, Arusha, vumbi. Dada akasema nimegeuka mwalimu. Bi mkubwa kasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo katika mambo yote niliyosoma sikukutana nalo: "Sasa na mbuzi yangu nitaikalia wapi?"

Tukanyamaza wote.

Tulivyofanya ni hivi. Fundi aliitwa, nikamwambia aachane na sentimita 91. Bi mkubwa alisimama, akakunja mkono, tukapima kiwiko, tukashuka kidogo, ikaja 82. Fundi aligoma, "Mama, hii haipo," bi mkubwa akamjibu, "Na mimi je, nipo?" Pembeni ya mlango wa uani tumeacha sakafu wazi, hakuna kabati, pana upana wa mkeka, mbuzi inakaa hapo na kinu.

Juu tumeweka granaiti nyeusi, lakini sio slabu nzima, maana bei yake tungeuza paa. Jamaa yangu alituambia karakana zina rundo la mabaki, vile vipande vya matundu ya sinki za matajiri na kona zilizokatwa, vinakaa nje vinaota majani. Tukachagua vitano vinavyokaribiana rangi, tukalipa hela ya pikipiki na soda nyingi. Havilingani sana. Kimoja kina madoa ya kijani, na bi mkubwa kakiweka makusudi pale anapokatia mboga.

Jamaa alikuja kuvikata nyumbani siku ya Jumapili, barakoa usoni. Mimi nilishika mpira wa maji saa tatu nzima, nikamwagia jiwe, nikamwagia msumeno, na suruali yangu ya kutokea ikaloa tope jeusi mpaka magotini. Dada akanipiga picha akaiweka status na emoji za mzimu.